Maji yanang'aa kabisa lakini samaki wanakufa tu, nimekosea wapi?

Jambo Yaya,

Nakuandikia nikiwa Katindo, hapa Goma. Mi ni mama wa mapacha wa miaka saba, na barua hii ni juu yao, siyo juu ya bwana yangu kwa leo, yeye tumwache kwanza hahaha.

Iko hivi. Kwa siku ya kuzaliwa ya mapacha shemeji yangu alitoka Kampala na samaki sita nyekundu ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa hewa, wale wanaitwa puasoni ruji, na bwana yangu alikuwa ameshatengenezesha akwariomu kwa fundi wa vioo kule Birere, sentimita 60 kwa 30 na urefu 35, nilipima mwenyewe na metre ya kushonea. Iko na filta ndogo ya ndani yenye eponji, na changarawe tuliookota, na taa. Nzuri kweli, majirani walikuwa wanakuja kuangalia kama wanaangalia televizyoni.

Jumamosi hiyo nikatuma kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ziwani, akaniletea bidoni tatu za lita 20, zile ambazo wale wanaokaa kando ya maji wanatia kloro na sindano kabla haujaondoka. Nikamwaga zote tatu, nikawasha filta, na samaki tukaweka saa ile ile juu watoto walikuwa wanaruka-ruka nisingeweza kuwaambia wangoje. Siku mbili raha tupu. Kila mtu anapita anatupia kitu, mkate, chakula cha samaki, hata bugali nilikuta imo.

Siku ya tatu maji yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Nikashtuka. Nikatoa samaki kwenye beseni, nikamwaga maji yote, changarawe nikaosha na sabuni ya unga, ile eponji ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia yenye utelezi nikaifikicha kwenye robine mpaka ikawa mpya kama ya dukani. Nikajaza bidoni zingine tatu. Yaya, yaling'aa! Ungesema hakuna maji ndani. Kesho yake asubuhi mmoja amelala ubavu. Nikafanya usafi tena vile vile. Wawili wengine. Leo ni wiki mbili, wamebaki wawili, na hao wawili wako juu juu, midomo nje ya maji, mashavu yanakwenda mbio kama mtu aliyepanda mlima.

Sasa kila mtu ana dawa yake. Jirani anasema eti maji ya ziwa iko na gazi, ni mazuku, ile gazi ya kuua inayotoka ardhini, imeingia ndani ya bokali. Bwana yangu anasema tutumie maji ya mvua, tuko na tanki linajaa. Mtu mmoja anayeuza vitu vya samaki alinipa kachupa ka matone ya bluu, bado sijatia, kako juu ya friji. Na mama mkwe, yeye alisema neno moja tu mbele ya watu: "Maji watu wanabeba kwa kichwa, wewe unakogesha samaki." Nilinyamaza lakini iliniuma, juu si uongo.

Na mapacha nao wanasema kama puasoni ruji wanakufa basi tuweke sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nisaidie Yaya, nimekosea wapi? Mi nilidhani usafi njo dawa.

Mama Mapacha, Katindo

*

Mama Mapacha mdogo wangu, jambo.

Kabla hujaendelea kusoma fanya hivi, maelezo yatakuja. Chakula simamisha, hata punje moja, siku tatu nzima, hawatakufa njaa, puasoni ruji anaweza kukaa wiki bila kula na akakuangalia tu. Halafu mtume yule kijana wa chukudu na bidoni mbili, amwombe yule wa sindano asizitie kloro hizo mbili tu, amweleze ni za samaki. Akirudi nazo, toa nusu ya maji ya akwariomu, weka haya mapya polepole na kopo, ukimwaga kutoka juu kidogo ili yapige kelele yakiingia, hiyo kelele ni hewa inaingia. Kesho toa theluthi tena, keshokutwa tena. Na hizo bidoni za bila kloro ziwekee alama kubwa na zikae mbali na jikoni, hapa kwetu kolera si hadithi, mtu asije akachota kikombe usiku.

Ukishafanya hivo kaa sasa tuongee.

Hujakosea kwa uchafu, umekosea kwa usafi. Najua inaumiza kusikia, mama yeyote wa Goma amelelewa akijua kitu kikiteleza unakisugua. Lakini ule utelezi wa kahawia kwenye eponji, ule ulioufikicha mpaka ukaisha, njo ulikuwa unaanza kuwasaidia hao samaki. Nieleze.

Samaki anakula, na anachotoa kinaitwa amonia. Sehemu kubwa anaitolea kwenye mashavu, siyo mkojo kama watu wanavyodhani, yani anapumua sumu yake mwenyewe ndani ya maji anayoyapumua tena. Ziwani hakuna shida, ziwa ni kubwa. Kwenye lita 60 na samaki sita na mkate na bugali, ni kama choo cha kiwanja cha familia kumi ambacho hakuna mtu wa kukitoa. Anayekitoa ni bakteria. Kuna wa kwanza wanaokula amonia wanaacha nitriti, nayo ni sumu, halafu kuna wa pili wanaokula nitriti wanaacha nitrati, hiyo sasa samaki wanaivumilia mpaka iwe nyingi. Mambo haya si ya jana, mtaalamu mmoja aliyezaliwa Kiev, Sergei Winogradsky, karibu mwaka 1890 aliwatenga vidudu hai vinavyofanya kazi hiyo. Wanakaa wapi? Hawaogelei sana kwenye maji, wanajishika kwenye eponji, kwenye mawe, kwenye kioo. Na wanazaana polepole mno, si kama wale wa maziwa yanayoganda usiku mmoja. Akwariomu mpya inachukua wiki 4 mpaka 6 kuwapata wa kutosha.

Wewe ulikuwa siku ya tatu. Halafu ukaosha na robine yenye kloro, na sabuni. Ukaanza siku ya kwanza tena. Halafu ukaosha tena.

Ule weupe wa maji ya mchele ulikuwa ni bakteria wengine kabisa, wale wanaokula mabaki ya chakula, wakati chombo ni kipya wanalipuka kwa wingi halafu wanatulia wenyewe ndani ya siku chache kama umepunguza chakula. Haupendezi kuona lakini haukuwaua samaki wako. Kilichowaua hakina rangi, na hapa njo nataka unisikilize vizuri, maana ukisoma maelezo ya watu wa Ulaya hawatakuambia hii, wao maji yao si ya Kivu.

Maji ya ziwa letu yana pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, karibu 9; 7 ni katikati, ikipanda uchachu unapungua. Safuria yako ya chai angalia chini, ule ukoko mweupe, ni chumvichumvi za maji haya. Sasa amonia iko na sura mbili ndani ya maji, moja haina makali sana, na nyingine inapenya mashavu inachoma. Ni pH inayoamua ipi iwe nyingi. Kwenye maji ya pH 7, kati ya amonia yote iliyomo, ile kali haifiki hata sehemu 1 kwa 100. Kwenye pH 9 na joto la nyuzi 25, ile kali inakuwa kama sehemu 36 kwa 100. Yani samaki wale wale, mkate ule ule, kosa lile lile, mtu wa maji ya pH 7 ataona samaki wamenuna tu, wewe utaona wamekufa. Ndio maana mwenzako wa mji mwingine anaweza kukuambia "mbona mimi niliweka samaki siku hiyo hiyo na hawakufa", anasema kweli, lakini maji yake si yako.

Ongeza na urefu wa mji. Goma tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji yetu yanashika oksijeni pungufu kwa kama sehemu moja kwa sita ukilinganisha na mtu wa Mombasa. Samaki sita wa Mombasa kwa hesabu ya oksijeni si samaki sita wa Katindo.

Sasa kloro. Pale ziwani wanapima ili baada ya nusu saa ibaki kama nusu miligramu kwa kila lita, na hiyo inatosha kabisa kuua vidudu vya kolera, na inatosha kabisa kuchoma mashavu ya samaki na kuua bakteria wa filta. Usije ukagombana na wale vijana wa sindano! Kloro ni rafiki ya mapacha na adui ya samaki, vyote viwili ni kweli, kwa hiyo maji ya nyumba yaendelee kutiwa, maji ya samaki yawe na bidoni yake. Siku ambayo huna namna ya kupata yasiyotiwa, chukua yenye kloro ukayaache yapumue. Lakini sikiliza, si ndani ya bidoni. Watu wanaacha bidoni imefungwa siku mbili wanasema "nimelaza maji", mdomo wa bidoni ni mdogo kama sarafu, kloro itapita wapi? Mwaga kwenye beseni pana, liache wazi siku moja mpaka mbili mahali pasipo vumbi, na ukipita hapo chota na kopo uangushe tena ndani mara kumi, mara ishirini, itatoka haraka zaidi. Ama uyachemshe halafu yapoe kabisa, ila makaa ni bei, si kazi ya kila wiki.

Hao wawili walioko juu juu. Inaweza kuwa amonia imewachoma mashavu, inaweza kuwa nitriti imeingia kwenye damu, na nitriti inafanya damu ishindwe kubeba oksijeni, hata hewa ikiwa nyingi mnyama anahema tu. Ukimwinulia shavu kwa upole ukaona ndani rangi ya kahawia badala ya nyekundu, fikiria hiyo. Dawa yake ya nyumbani ni chumvi ya jikoni, gramu 1 kwa lita, kwa hiyo gramu 60 kwako, kama vijiko vitatu vya mezani vilivyosawazishwa na kidogo juu. Iyeyushe kwanza kwenye kopo, tia nusu leo nusu kesho. Mara moja tu! Chumvi haiondoki na hewa kama kloro, ukitoa theluthi ya maji rudisha theluthi ya chumvi, basi. Baada ya wiki nne acha ipungue yenyewe kwa kubadilisha maji.

Yale matone ya bluu yaache hivo hivo, yana kazi yake lakini si ndani ya chombo chenye filta, unaweza kuwaua tena wale bakteria tunaowatafuta. Na yatoe juu ya friji, mapacha wa miaka saba wanapanda.

Eponji usiioshe kwa wiki tatu. Baadaye ikizuia maji kupita, chukua maji uliyoyatoa kwenye akwariomu yenyewe, yatie kwenye bakuli, itumbukize humo uibonyeze mara mbili tatu ule uchafu mzito utoke, irudishe ikiwa bado ya kahawia. Ya kahawia, umesikia? Ikiwa nyeupe umeharibu. Sabuni isikanyage huko kamwe, na kwa kuwa ulishaosha changarawe na sabuni ya unga, siku ile ya kubadilisha maji ichukue uisuuze na maji ya ziwa mara nyingi mpaka kiganja hakisikii utelezi wa povu.

Unaweza pia kuharakisha mambo, na hapa Goma tuko na bahati ambayo wengine wananunua kwa pesa. Jiwe la volkano. Wenye maduka ya akwariomu huko nje wanaliuza kwa kilo la kuweka ndani ya filta, juu lina matundu matundu, na kila tundu ni nyumba ya bakteria. Wewe unalo kwenye ukuta wa jirani. Lile lililopita katikati ya mji Januari 2002 likaingia mpaka ziwani, watu wamejengea nyumba na bado limebaki. Livunje vipande vya ukubwa wa karanga zenye maganda, suuza na maji matupu mpaka vumbi jeusi liishe, na uvipange nyuma ya eponji kama filta ina nafasi, ama kwenye kona chini ya mahali maji ya filta yanapotokea. Usivitandaze chini kote, vina makali na puasoni ruji anapenda kuchimbachimba na mdomo.

Na kama unamjua mtu yeyote mwenye akwariomu ya siku nyingi ambayo samaki wake ni wazima, mwombe akubonyezee eponji yake kwenye chupa, yale maji machafu ya kahawia, umwage karibu na filta yako. Mgeni akikukuta unamwaga uchafu kwa makusudi atasema umerukwa, mwache aseme. Kama humjui mtu wa hivo, jiwe la pembeni mwa ziwa lenye utelezi wa kijani nalo lina bakteria hao, chagua dogo, likague vizuri lisiwe na konokono, maana konokono wa maji wako wanaobeba bilarizia na wewe una watoto wanaotumbukiza mikono.

Juu ya mazuku. Jirani yako hajasema neno la kijinga, gazi iko kweli ndani ya Kivu, karbonika na metani, na mazuku inaua mbuzi kwenye mabonde ya huku kila mtu anajua. Lakini ile gazi ya ziwa imelala chini sana, ziwa lina kina cha mita 485, na pale juu bidoni inapochota mawimbi na upepo vinayachanganya maji na hewa kila siku. Samaki si wanaishi hapo? Ila nikikuambia ukweli jirani alikaribia, mazuku haionekani, na mbuzi anaanguka bado majani ni ya kijani. Amonia ndani ya maji yanayong'aa ni hivo hivo. Usingoje kunusa.

Mvua hapana, mwambie papa mapacha. Mvua yetu inapita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo inakuja na uchachu, inaanguka kwenye mabati, uchachu unakula zinki ya mabati, na zinki ni sumu kwa samaki hata kidogo. Na kama wazo lake ni kuchanganya ili pH ishuke, ukichanganya nusu mvua nusu ziwa pH haitashuka nusu, itashuka kidogo sana, maji ya Kivu yamebeba bikaboneti nyingi, chumvichumvi inayozuia uchachu, yanajirudisha. Ndio maana hata limao na siki usijaribu, itashuka saa moja halafu inapanda, samaki anachoka na kupanda kushuka kuliko na 9 yenyewe. Chukua maji ya Kivu kama yalivyo. Yana uzuri wake mmoja ambao hauonekani sasa: chombo kikishakomaa, amonia haipo tena, hiyo 9 inapoteza meno, na maji haya hayatakugeukia yakawa makali ya asidi kama yanavyowafanyia watu wa maji laini.

Vya kupimia amonia na nitriti, shemeji akirudi Kampala mwagize, vile vya matone ni bora kuliko vikaratasi. Vile vikaratasi vya pisini, bwawa la kuogelea, mtu anaweza kukupa kutoka hoteli vinapima kloro na pH, hivo navyo vitakusaidia kujua kama beseni limeshapumua, ila amonia havioni. Ukipata vya matone unatafuta kitu kimoja tu, amonia sifuri na nitriti sifuri wiki nzima mfululizo. Kabla ya hapo usiongeze samaki. Hata kama mapacha wanalia, wape kazi: mmoja anahesabu punje za chakula, mwingine anaangalia saa. Wakianza kula tena, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku, na kinachobaki kinatolewa na kijiko. Mkate na bugali mwisho.

Umeme ukikatika saa nyingi filta inasimama na bakteria ndani yake wanakosa hewa, kwa hiyo ifungue, itoe eponji ilale ndani ya akwariomu kwenyewe siyo ndani ya kasha lililofungwa, na kila mukipita mpige kopo kumi. Usiku lala tu, samaki wawili kwenye lita 60 watavumilia.

Na wawili ni wa kutosha, nakuambia mapema ili usinichukie baadaye. Puasoni ruji hakai mdogo, anafika sentimita 20 na kuzidi, na anachafua kuliko samaki yeyote wa ukubwa wake. Sita kwenye hicho chombo isingewezekana hata kama ungefanya kila kitu vizuri, kosa hilo ni la shemeji, siyo lako. Hao wawili wakipona, mwakani mtafute kioo kikubwa zaidi. Sambaza waambie mapacha haiwezekani, yule ni samaki wa katikati ya ziwa, aliletwa hapa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, anatembea kwa makundi makubwa na ukimgusa tu magamba yanatoka, kwenye wavu hafiki hata dakika. Yeye mkutane naye kwenye sahani.

Sasa mama mkwe. Hapo ulifanya vizuri kunyamaza, maana ana haki nusu. Wiki hizi mbili umetumia maji mengi kuliko utakavyotumia mwezi mzima chombo kikishakomaa, kila usafi bidoni tatu na haukusaidia. Kuanzia chombo kikomae hesabu yako ni bidoni moja kwa wiki, theluthi ya akwariomu, na hiyo bidoni haipotei. Maji yanayotoka yana nitrati, ni mbolea. Mwambie mama mkwe aweke mifuko miwili ya udongo kwenye kiwanja apande mboga ya lengalenga, na kila Jumamosi wewe ndiye unamletea maji yake ya samaki kwenye ndoo, kwa mikono miwili. Ila wiki hizi za chumvi mwagia chooni kwanza, usije ukaunguza lengalenga zake akapata neno la pili.

Niandikie Jumapili uniambie hao wawili wako juu au wameshuka katikati. Na ile alama ya bidoni, iandike "SAMAKI" na rangi ya mafuta, siyo na biki ya shule, safari ya kwanza tu ya chukudu itafutika.

Yaya